Mwanangu alisema baba yake mwanajeshi akili zimehama, kumbe ni masikio, na mimi ndiye nilikuwa nafanya afaulu kipimo

Wakuu, habari zenu. Wenye umri wa wajukuu zangu nipeni shikamoo yangu kwanza, nasubiri.

Haya, marahaba.

Mimi ni bibi. Shule sikuingia, nilikuwa napita nje yake nikipeleka ng'ombe kunywa maji ziwani. Anayeandika hapa ni mkwe wangu Neema, mke wa mwanangu wa pili. Tunakaa wote hapa nje kidogo ya Magu. Simu yake, akaunti yake, maneno yangu. Mkiona Kiingereza kimeingia hapo katikati ni yeye, mumsamehe, huyu alifika form four na hataki tusahau.

Kila jioni tukichambua mchele huwa ananisomea nyuzi zenu. Nawajua wote. Kuna yule wa "mkuu weka picha". Kuna yule wa "nimekaa pale nasoma comments". Na kuna yule mwenye roho mbaya wa "hii chai", kila kitu kwake ni uongo.

Leo zamu yangu. Ninachosema ni kweli tupu, nikidanganya niote ndevu. Zaidi ya hizi nilizonazo.

Mume wangu tumwite Koplo. Ndivyo ninavyomwita nikiwa nimefurahi. Nikikasirika namwita Baba Shija.

Alikuwa jeshini, upande wa mizinga. Alikwenda ile vita ya mpakani akiwa kijana hata kidevu hakijajaa, akarudi mzima, akaendelea na jeshi mpaka akastaafu, ndo tukaja kulima mpunga huku.

Waliokaa jeshini mnaujua mzinga. Mimi naujua kwa kusimuliwa. Anasema sajini wao alikuwa anasimama pembeni anapiga kelele, na huyu sajini nilikuwa namuigiza miaka yote bila kumjua sura: "FUNGUA MDOMO! ZIBA MASIKIO! PIGAAA!"

Sasa niulize nyie wenye akili. Mtu amebeba kombora kwa mikono miwili, masikio anaziba na nini? Na magoti?

Kwa hiyo alirudi na masikio mazito. Hilo sio siri, nyumba nzima tulijua. Ukitaka kumwambia kitu unapaza sauti kidogo, maisha yanaenda.

Hapa lazima niwaambie tabia yangu, maana bila hiyo uzi huu hamtauelewa.

Mimi naigiza watu. Tangu mdogo. Mtu akiongea, mdomo wangu unamfuata wenyewe. Mwenyekiti wetu wa kitongoji anaongea kama anatafuna muwa: "Ndugu wananchi, habali za leo, mimi kama mwenyekiti sitafumbia macho..." Katekista anaongea kwa puani. Jirani yangu Mkerewe kila neno analiviringisha kwanza ndo analitoa. Mgeni akija kwangu, akimaliza tu kusema, na mimi nayarudia yale yale, na sauti yake, na macho yake, nimemgeukia Koplo. Koplo anacheka mpaka anashika ubavu.

Wageni wengine wananuna. "Mama Shija anatudhihaki."

Mimi nilijua ni utani wangu tu. Wekeni hilo pembeni, nitalirudia.

Basi wakuu, miaka hii ya karibuni Koplo akaanza kubadilika.

Kwanza salamu. Huku kwetu salamu sio neno moja. Unamsalimia mtu, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua ya upande wao. Sasa Koplo anapita njiani, vijana wanamwamkia, binti wa watu amepiga goti kabisa, "shikamoo babu", yeye anapita kama amepita mgomba.

Watu wakasema ana kiburi cha jeshi.

Halafu akaanza kuitikia kila kitu. Majirani wawili waligombana njia ya kupitisha ng'ombe, wakamwita awe shahidi maana yeye ni wa siku nyingi. Wa kwanza akamuuliza, "Mzee, si hapa kwangu ng'ombe walikuwa hawapiti?" Koplo akatikisa kichwa ndiyo. Wa pili akamuuliza, "Mzee, si ng'ombe walikuwa wanapita hapa hapa?" Koplo akatikisa kichwa ndiyo, na tabasamu juu. Nusura watu watoane meno.

Siku hiyo mimi sikuwepo, nilikuwa kliniki ya macho. Kumbukeni na hilo.

Baada ya hapo neno likabadilika. Hawakusema kiburi tena. Walisema akili.

La tatu ndilo lililonimaliza mimi. Akaanza kwenda mashineni.

Pale njiani kuna mashine ya kukoboa mpunga, inanguruma kutwa nzima, ukipita unaongea na mtu kwa vidole. Koplo akawa anaondoka asubuhi, anakwenda kukaa pale. Mpunga hakubeba. Kazi hana. Anakaa kwenye benchi karibu kabisa na lile dude, amefumba macho, pumba zinammwagikia. Anarudi nyusi zote nyeupe kama mzimu.

Na nje ya mashine kuna mama muuza chai. Mjane. Mnene mzuri, mweupe wa asili.

Wakuu, mimi ni mtu mzima lakini sijafa. Nilikwenda. Nikajibanza kwenye mifuko ya watu kama mwizi, nikamchungulia. Koplo hakumtazama yule mama hata mara moja. Alikuwa amefumba macho, uso umetulia kama mtoto aliyemaliza kunyonya.

Nilitamani ningemkuta anatongoza. Hapo ningejua pa kuanzia. Lakini mwanaume anayeacha mke na ng'ombe anakwenda kupumzika kwenye mashine ya kukoboa? Hata mimi nikaanza kuogopa.

Habari zikafika Dar. Mwanangu mkubwa Shija yuko kule, ana ofisi, ana tumbo. Akapiga video call. Namuigiza hapa Neema anacheka: "Mama, sikiliza mama. Nimefuatilia hili suala. Hii ni hali ya wazee ya kupoteza kumbukumbu. Nimesoma Google. Mzee aje huku tumwangalie kwa ukaribu."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Mama, nyumba yangu unaijua. Halafu shamba haliwezi kubaki hivi hivi. Wewe baki na akina Neema. Mkimaliza mavuno nitakuja na gari."

Nikasema mwulize baba yako mwenyewe. Neema akamsogezea simu.

"Baba, utakuja tukae wote Dar?"

Koplo akaangalia ile simu, akatabasamu, akatikisa kichwa ndiyo.

Mnaona? Mzee wa watu amejitoa nyumbani kwangu kwa kichwa chake mwenyewe.

Usiku huo sikula. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba yule mtu akipelekwa Dar akawekwa chumbani, asubuhi mpaka jioni wanaongea juu ya kichwa chake, kweli atakuwa kichaa. Na mimi nitabaki hapa namuigiza nani, nacheka na nani.

Nikamwambia Neema, haya ni masikio, nina uhakika. Tukapate mtu wa kuandika kwamba ni masikio, Shija atulie.

Tukaenda kliniki moja binafsi pale Buzuruga. Jina silitaji, kijana wa watu alitupokea vizuri, hana kosa. Kijana mrefu, sauti ya upole, anaongea kama anabembeleza kifaranga: "Karibu babu, karibu bibi, tutafanya kipimo kidogo tu babu."

Koplo akakalishwa kwenye kiti. Mimi nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti, ili asiogope. Daktari akasimama nyuma yake, akasema, babu, nitanong'ona maneno, wewe rudia unachosikia.

Akanong'ona. "Kitanda."

Koplo: "Kitanda."

"Ng'ombe mweupe."

"Ng'ombe mweupe."

"Sabini na nne."

"Sabini na nne!"

Anajibu kifua mbele, kama yuko paredi. Hakukosa hata moja. Mimi nimekaa pale nashangaa, nafurahi, nalia, sijui hata nafanya nini. Daktari akaja mbele akasema, "Bibi, babu anasikia kuliko mimi. Mimi ningeshauri mumpeleke akaangaliwe kumbukumbu."

Neema akampigia Shija hapo hapo. Shija hakusema mengi. "Si nilisema mama."

Wakuu, kuna furaha inayouma. Mume wangu masikio mazima, kwa hiyo mume wangu akili mbovu. Tukatoka pale, Koplo anatembea mbele yetu ameinua mabega, amefaulu mtihani. Mimi nyuma nawaza Dar.

Sasa tuko stendi pale Buzuruga tunasubiri gari la Magu, wapiga debe wanafanya yao, nasikia nyuma yetu mtu anapaza sauti, "KOPLO! WEWE KOPLO!"

Koplo hageuki. Anaangalia machungwa.

Yule mtu akazunguka, akasimama mbele, akapiga saluti. Mzee mrefu, mkavu, fimbo mkononi. Koplo akamwangalia, akapiga saluti na yeye. Wakakumbatiana pale katikati ya mizigo ya watu.

Ndiye sajini. Yule yule wa fungua mdomo. Anakaa Misungwi, anafuga mbuzi.

Nilipata aibu kidogo, maana sauti niliyokuwa namuigiza miaka yote sio yake kabisa. Yake nyembamba. Anaongea kama mwalimu wa Sunday school.

Akaniuliza, "Shemeji, masikio ya huyu vipi?"

Nikasema daktari kapima sasa hivi, mazima.

Sajini akaniangalia kama nimemwambia mbuzi wake ametaga. "Mazima? Shemeji, sisi tulikuwa mzinga mmoja. Hakuna mtu wa mzinga ule mwenye masikio mazima. Mimi mwenyewe hili hapa." Akageuza kichwa, akanionyesha kitu kidogo cha rangi ya ngozi kimekaa nyuma ya sikio kama kupe.

"Hiki ndo kinanifanya nikusikie. Kuna siku wastaafu wanaonwa na wataalamu wa masikio, hospitali kule mjini. Mlete. Aje na kitambulisho chake cha jeshi. Usikubali kipimo cha kunong'onezwa tu, mwambie akapimwe kwa mashine."

Koplo alikuwa anatuangalia midomo, anatikisa kichwa ndiyo.

Nikamwambia Neema, tunakwenda. Shija akasema, mama unapoteza muda. Nikasema muda ni wangu.

Siku hiyo pale hospitali, wakuu, natamani mngekuwepo.

Benchi refu limejaa wazee waliotoka jeshini. Wote masikio yamekufa. Kila mmoja anaongea na mwenzake kwa kelele, na hakuna anayemsikia mwenzake. Huyu anasimulia vita, yule anajibu habari za pamba. "ILIKUWA ASUBUHI MVUA INANYESHA!" "NDIYO, BEI IMESHUKA SANA!" Wameridhika kabisa.

Nesi anatoka mlangoni, binti mdogo, sauti ya kitambaa: "Mzee Masalu... Mzee Masalu..." Hakuna anayeinuka. Anarudi ndani. Anatoka tena. "Mzee Masalu hayupo?" Mzee Masalu huyo hapo mbele yake anamtabasamia.

Yaani wamewaita viziwi, halafu wanawaita majina kwa kunong'ona.

Nikashindwa. Nikasimama, nikashika kiuno, nikatoa ile sauti yangu ya sajini, ile ya uongo:

"MASALUUU! MBELEEE... TEMBEA!"

Benchi zima likasimama. Wazee kumi na kitu, mabega juu, fimbo zimeanguka chini. Masalu akaondoka kwa mguu wa kushoto.

Nesi alicheka mpaka akakaa. Baada ya hapo kila jina akawa ananipa mimi. Nilifanya kazi pale mpaka zamu yetu.

Ndani tukamkuta dokta mwanamke, Mhaya wa Bukoba, miwani, na Kiswahili chake kimenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. "Karibuni. Bibi, ndiwe uliyekuwa unapiga amri huko nje? Basi hapa amri natoa mimi." Nikampenda hapo hapo.

Nikakaa mahali pangu, mbele ya Koplo, magoti kwa magoti.

Dokta akamuuliza Koplo jina. Akajibu. Akamuuliza anatoka wapi. Akajibu. Dokta hakuwa anaandika. Alikuwa anamwangalia Koplo, halafu ananiangalia mimi, halafu Koplo tena. Nikajua nimepakaa kitu usoni.

Akasema, "Bibi, hebu geuka uangalie ukuta."

"Kwa nini?"

"Geuka tu, bibi yangu."

Nikageuka. Nikaangalia ukuta, kuna picha ya sikio kubwa kama jani la mgomba.

Nyuma yangu dokta, mdomo ameuziba kwa karatasi kama Neema alivyoniambia baadaye, akasema, na wala hakunong'ona, alisema kama ninavyosema hapa na Neema: "Babu, sema: nyumba."

Kimya.

"Babu, sema: ng'ombe."

Kimya.

"Babu, mke wako anaitwa nani?"

Kimya. Wakuu, nilisikia kile kimya mpaka kwenye mifupa. Mtu niliyezaa naye, ameulizwa jina langu, na jina langu halimfikii.

Nikageuka. Koplo ananiangalia, macho yamemtoka, ananisubiri.

Dokta akasema taratibu, "Bibi, unajua mdomo wako unafanya nini mtu akiongea?"

Sikujua. Naapa sikujua. Neema ndiye alinionyesha. Kila mtu akisema neno, mdomo wangu unalirudia, bila sauti. Kule Buzuruga daktari ananong'ona "kitanda" nyuma ya kiti, na mimi masikio yangu bado kama ya paka, mdomo wangu pale mbele unasema kitanda. Koplo anasoma, anajibu. Mimi ndiye niliyefaulu ule mtihani.

Na sio Buzuruga tu. Miaka yote. Wageni, mwenyekiti, katekista. Mimi nafikiri nafanya utani, kumbe mwenzangu anasikilizia usoni kwangu. Ndiyo maana siku ya wale majirani wa ng'ombe, mimi nikiwa kliniki, aliitikia huku na huku. Nilikuwa nimeondoka na masikio yake.

Nikamwuliza, nimemsogelea, "Ulikuwa unajua?"

Akasema, "Nilijua unajua."

Basi. Tukabaki tunaangaliana kama wajinga wawili.

Dokta akampeleka kwenye kile chumba kidogo kama kabati, akamvalisha headphone, akampa kitufe cha kubonyeza. Mimi nikawekwa nje, mgongo kwenye kioo, ulinzi mkali. Akatoka na majibu: sauti nyembamba zimekwisha zote, zilizobaki ni nzito, nazo kwa shida. Akasema ni kazi ya mizinga, haikuanza jana.

Halafu akamuuliza swali ambalo mimi mke sijawahi kuuliza. Alimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, Neema akanisomea: Babu, kukiwa kimya kabisa, wewe unasikia nini?

Koplo akaisoma. Akairudisha karatasi. Akasema, "Filimbi."

"Filimbi gani?"

"Ya paredi. Ni kama afande amepuliza filimbi akasahau kuitoa mdomoni. Haikomi."

"Tangu lini babu?"

"Kabla sijamuoa huyu."

Wakuu! Nimelala na filimbi kitanda kimoja maisha yote na sijawahi kuisikia. Nikamwuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Nilifikiri kila mtu aliyerudi anayo. Halafu ningesema nasikia filimbi isiyokuwepo, si mngesema nimechanganyikiwa?"

Na tulisema hivyo hivyo.

Ndo ikaja habari ya mashine. Akasema pale mashineni, lile dude likinguruma, filimbi inapotea. Ni mahali pekee duniani ambapo anapata kimya.

Mnaelewa? Mtu anakwenda kwenye kelele kutafuta kimya. Na mimi nimejibanza kwenye mifuko namwonea wivu mama wa watu.

Dokta hakuficha. Akasema, babu, kusikia kulikokwisha hakurudi. Filimbi nayo haina dawa ya kuikata. Akaeleza kwamba kichwa kinasubiri sauti, sauti haiji, basi kinajitungia yake. Lakini ukikirudishia sauti za kweli kinapunguza kutunga, na ukikizoesha kitaacha kuishughulikia. Halafu akakunja uso: "Ila ile mashine, babu, inamalizia kilichobaki. Ukiendelea kukaa pale, hata kifaa hakitakusaidia. Hapana mashine tena."

Koplo akataka kutikisa kichwa ndiyo. Akasita. Akaniangalia. Nikamrudishia yote, taratibu, na miwani ya dokta na Bukoba yake. Akaelewa. Ndo akaitikia.

Vifaa vilichukua muda, tulizungushwa kidogo, njoo kesho njoo kesho kutwa, lakini sajini alitushikilia kama mzinga, hakutuachia. Siku hizo za kusubiri Neema alitega redio yetu katikati ya stesheni, pale inapokoroma tu haisemi kitu, akaiweka karibu na mto wa Koplo. Kama mvua ndogo ndogo. Asubuhi akaamka akasema, "Afande yuko mbali leo." Mashineni hakwenda tena. Yule mama wa chai akatuma watu kuuliza kama mzee ni mzima. Nikamwambia ni mzima, asante, kwaheri.

Siku ya kuvalishwa vifaa, dokta akaweka kimoja, akaweka cha pili, akabonyeza. Koplo akashtuka. Akaangalia juu, kuna feni. Akaangalia dirishani, kuna ndege. Kiti cha Neema kikalia, akageuka. Anageuka geuka kama kuku mgeni.

Mimi nikaona nimchangamshe. Nikaanza mwenyekiti: "Ndugu wananchi, habali za leo..."

Akaninyooshea mkono. "Acha. Sio mwenyekiti."

Nikamfanya katekista. Akasema, "Sio huyo. Sema wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe. Sauti yako mwenyewe. Ya wengine wote umeshaniletea."

Wakuu, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nilikosa. Nilitafuta sauti yangu nikaona sijui inakaa wapi. Mwisho nikasema tu, "Koplo, umeshakula?"

Akafumba macho. Akasema, "Kumbe inakwaruza hivi."

Nikampiga na mtandio.

Sasa Shija. Neema alimweleza kila kitu kwenye simu, lakini nyie watoto mkishasoma Google hamshuki. Alikuwa ameshaomba likizo, ameshapanga gari. Akaja.

Alitukuta uani. Koplo amekaa ametupa mgongo njia, ananoa panga. Shija akaniwekea kidole mdomoni, nyamaza mama. Najua alikuwa anampima. Na mimi, ili asije kusema tena ni mdomo wangu, nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikachungulia kwenye ufa.

Shija akasimama nyuma ya baba yake, mbali kidogo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamoo baba."

Panga likasimama.

"Marahaba," Koplo akasema, hajageuka. "Hujambo Shija. Wajukuu wangu hawajambo? Dar mvua imenyesha?"

Mtoto wangu na tumbo lake akakaa chini kwenye vumbi, suruali ya ofisini.

Akasema, "Baba, nilikuja kukuchukua."

"Nimesikia."

"Utakuja?"

Mimi kule jikoni nimeshika mwiko kwa mikono miwili. Miaka mingapi yule mtu hajajibu ila ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa kila anayefungua mdomo.

Koplo akasema, "Hapana."

Akaendelea kunoa panga.

Nilifungua mlango nikatoka na ugali, wala hata haujaiva vizuri. Tukaula hivyo hivyo. Shija aliondoka na gunia la mchele kwenye kile kiti cha gari alichomwandalia baba yake.

Filimbi ipo bado, nisiwadanganye. Kuna siku inakuja na nguvu, hasa akichoka, anavua vifaa anakaa na redio yake. Lakini salamu anaitikia, tena zote, mpaka vijana sasa wanamkwepa maana anauliza ng'ombe mmoja mmoja.

Nilichojifunza ni hiki. Mzee wako akinyamaza, akiitikia kila kitu, akipita salamu, usikimbilie kusema akili. Mpeleke akapimwe masikio, na kwa mashine. Na wewe unayempenda kaa nyuma ya ukuta, mdomo wako umefungwa. Halafu muulize, kukiwa kimya unasikia nini. Muulize leo. Mimi nilichelewa maisha mazima.

Wenye baba, babu, wajomba waliotoka jeshini, semeni hapo chini wanasikia nini, wapi mmepata msaada, wapi mmekwama. Neema atanisomea. Na wa "hii chai" mje pia, mtasomwa kwa sauti zenu.

Neema anasema inatosha, mkono umechoka.

Koplo kutoka nje ya dirisha anasema, "Mbona hujawaambia kwamba kule Buzuruga nilifaulu?"

Na sikuwa nimepaza sauti, wakuu.